Sufuria Ikifa, Nani Analipa?

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani yake, akairudisha na kisufuria kidogo ndani. "Imezaa," akasema, na jirani akapokea vyote viwili bila kuuliza sufuria huzaaje. Alipoiazima mara ya pili, haikurudi. "Imekufa." Jirani akapandwa na hasira, akamburuta hadi kwa kadhi, na kadhi akaamua kwamba aliyekubali uzazi hana budi kukubali na kifo. Watoto hucheka, hadithi inakwisha.

Wasimuliaji wengi huishia kwenye tamaa ya jirani. Mtu aliyekaa darasani akasoma fiqhi hawezi kuishia hapo, kwa sababu hukumu yenyewe inamtia wasiwasi. Tuseme sufuria ilikufa kweli: moto ulishika jiko, au mwizi aliruka ukuta usiku, na Abunuwasi hakuzembea hata chembe. Je, hapo kesi ndiyo imekwisha, au ndiyo kwanza inaanza?

Inategemea kadhi ni nani. Hadithi hizi zinamweka Abunuwasi katika Baghdad ya khalifa Harun Rashid, na kadhi mkuu wa Harun alikuwa Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 798. Kwa madhehebu ya Hanafi, kitu cha kuazima ni amana mkononi mwa aliyekiazima. Kikiharibika bila yeye kuvuka mpaka wala kupuuza, halipi kitu. Mbele ya kadhi wa namna hiyo Abunuwasi hakuhitaji kabisa ule mchezo wa kisufuria. Ilimtosha kula kiapo kwamba hasara ilitokea bila kosa lake.

Lakini hadithi ilisafiri hadi Pwani ya Afrika Mashariki, na Waislamu wengi wa Pwani ni watu wa Shafi. Huku mambo yanageuka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Shafi wamekisoma kizazi baada ya kizazi, kwamba kitu cha kuazima kikiangamia pasipo kuwa katika kazi yake, aliyekiazima atalipa hata kama hakuzembea. Kadhi wa Lamu angempa Abunuwasi pole kwa msiba, kisha angemwambia alete thamani ya sufuria kama ilivyokuwa siku ilipokufa. Na kile kisufuria? Kinachozaliwa na mali ni cha mwenye mali. Katika lile la kwanza, basi, tapeli wetu alifuata sheria barabara.

Kisa ambacho pande zote mbili hukirejea ni cha mwaka wa 8 Hijria, 630 Miladia. Makka ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijiandaa kwa vita vya Hunain. Akaazima deraya kwa Safwan bin Umayya, tajiri wa Kikureshi ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Safwan akataka kujua kama ananyang'anywa. Akajibiwa kwamba la, zinaazimwa, na zina dhamana. Vita vilipokwisha ilionekana baadhi ya deraya zimepotea. Mtume akataka kumfidia, na Safwan akakataa. Riwaya zinasema alieleza kwamba moyo wake wa leo si ule wa siku aliyouliza swali lile. Wanazuoni wa Shafi husema dhamana iliyotajwa pale ndiyo tabia ya kila kitu cha kuazima. Wa Hanafi husema ile ilikuwa ahadi ya kumtuliza mtu mmoja mwenye shaka, na kwamba iko riwaya nyingine ambayo haitaji dhamana bali kurudishwa tu.

Chini ya ubishi huo wa riwaya liko swali lisilohitaji Kiarabu wala kilemba. Hanafi wanauliza: kosa liko wapi? Mwenye chombo alikitoa kwa hiari yake, aliyekichukua alikichukua kwa ruhusa, akakitunza, kisha likatokea la kutokea. Kumtoza fedha mtu asiye na kosa ni kumdhulumu. Shafi wanajibu kwamba kulipa si adhabu, kwa hiyo hakuhitaji kosa. Mali hii ilitoka kwa mwenyewe bila kodi wala ujira, ikaenda kwa mwingine ili yeye peke yake anufaike. Hasara ya bahati mbaya lazima imwangukie mmoja wao. Imwangukie yule aliyekuwa akila faida, au yule aliyekuwa akitenda wema?

Ukiliweka swali hivyo, ni vigumu kusimama na Hanafi. Aliyewekewa amana anamfanyia mwenzake hisani kwa kumtunzia mali, na ndiyo maana sheria humhurumia. Aliyeazima yuko upande wa pili wa hisani. Kuwapa wote wawili hukumu moja kwa sababu tu kila mmoja alishika kitu kwa ruhusa ni kuangalia mkono na kusahau mfuko.

Tena kuna Sura ya 107, Al-Maun, fupi, aya saba tu, ambayo karibu kila mtoto wa chuoni anaijua kwa moyo. Inawakaripia wanaoswali kwa kujionyesha, na inamalizia kwa kuwalaumu wanaozuia vitu vidogo vya msaada. Wafasiri wengine walielewa kwamba kinachozuiwa ni zaka. Ibn Masud, sahaba wa Mtume, alisema ni vile vitu ambavyo majirani hupeana: shoka, sufuria, ndoo. Kwa tafsiri hiyo, kumnyima jirani ndoo si uchoyo mdogo wa uani. Umetajwa katika aya zilezile zinazomkemea anayemsukuma yatima.

Sasa mtu aliyeagizwa asizuie sufuria yake naye ana haki ya kuuliza atalindwaje. Dhamana ya Shafi inamjibu: toa, kikipotea utalipwa, hutahitaji kumshtaki jirani yako kwa uzembe wala kumchunguza jikoni kwake. Hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Pale ambapo hakuna malipo bila uzembe, kila chombo kilichovunjika huzaa upelelezi: ulikiweka wapi, nani alikuwepo, mlango ulikuwa umefungwa? Anayelipa moja kwa moja hahojiwi, na urafiki unabaki na heshima yake.

Lakini dhamana isiyo na mpaka nayo ni kitanzi. Mbuzi ya kukunia nazi inaazimwa ili ikune nazi, na kila nazi inayokunwa inapunguza makali yake. Mkeka wa kulalia wageni wa harusi utakatika nyuzi. Ufagio utapungua. Ikiwa aliyeazima atalipia hata hayo, basi hakuazimwa, amekodishwa. Nawawi aliliona hilo: kauli anayoiona sahihi zaidi ni kwamba kinachochakaa au kumalizika kwa matumizi yaleyale yaliyoruhusiwa hakilipwi. Mwenye chombo alipotoa alikuwa anajua kitatumika.

Wayahudi wa Babeli walifika karibu na hapo kwa njia yao. Torati, katika Kutoka sura ya 22, inamtaka aliyeazima mnyama alipe akifa au akiumia, ila kama mwenyewe alikuwapo pamoja naye. Katika Talmudi, sura ya nane ya Bava Metzia, walimu waliongeza kwamba mnyama aliyekufa kutokana na kazi aliyoazimiwa halipwi, kwa sababu hakuazimwa ili alale kitandani. Kisha wakaleta kesi za nyumbani. Mtu aliazima shoka likavunjika. Rava, mmoja wa walimu hao, alisema alete mashahidi kwamba hakulitumia isivyo kawaida, naye ataachiliwa. Katika kesi nyingine ya shoka, mwalimu mwingine, Rav, alimwamuru aliyelivunja alipe shoka zima. Wanafunzi wake wawili, Kahana na Asi, wakamuuliza kama kweli hiyo ndiyo sheria, na Rav akanyamaza. Hukumu ikaenda na wanafunzi: rudisha kipande kilichobaki, ongeza tofauti ya thamani. Kwa wenye nyumba hilo si dogo, maana sinia lililobonyea bado ni sinia.

Kuna pia kesi ya paka. Mtu alimwazima paka kwa jirani ili amuulie panya, na panya wakaungana wakamuua paka. Au, kwa masimulizi mengine, paka alikula panya wengi mno akafa kwa shibe. Je, huyo amekufa kazini? Mwalimu Rav Ashi alikaa akiwaza, na mjadala ukaishia kwa mzaha, aliyeazima akaachiliwa. Ukitafakari, mzaha huo una haki ndani yake: mwenye paka alitoa paka kwa vita na panya, na vita vina pande mbili.

Na kwa kuwa Torati ilimsamehe aliyeazima pale mwenye mali anapokuwa pamoja naye, Rava akafundisha ujanja ambao Abunuwasi angeuhusudu. Unapokwenda kuazima, muombe mwenye kitu akupe maji ya kunywa kwanza. Akikuletea maji, yumo katika kukutumikia, kwa hiyo umeazima pamoja na mwenyewe, na hutalipa lolote. Mwenye kitu akiwa mwerevu atajibu: chukua kwanza, maji yatafuata.

Mpaka mwingine ni wa matumizi, na hapa kila mtu anakubaliana. Mwanasheria wa Kirumi Gaius, wa karne ya pili Miladia, alitoa mfano wa mtu aliyeazima vyombo vya fedha kwa ajili ya karamu, kisha akaondoka navyo safarini. Akiporwa na maharamia au jahazi likizama, atalipa, ingawa hakuna binadamu awezaye kuwazuia maharamia. Vyombo viliazimwa vikae mezani. Jaji Mkuu wa Uingereza John Holt alisema jambo hilohilo mwaka 1703 kwa mfano wa farasi aliyeazimwa kwenda magharibi akapelekwa kaskazini. Akaongeza kwamba farasi akiibwa zizini bila kosa la aliyemwazima, halipi. Lakini kama mlango wa zizi uliachwa wazi, atalipa.

Tuyalete haya kwenye shughuli ya Pwani. Sufuria kubwa za pilau hutoka nyumba tatu nne. Kabla hazijapanda mafigani hupakwa udongo nje ili masizi yasigande, na kila chombo huwa na alama: rangi ya kucha, herufi iliyochongwa kwa msumari, uzi uliofungwa kwenye mkono wa sinia. Asubuhi ya pili vyombo vinarudishwa na watoto, na ndipo ugomvi unapoanza.

"Shoga, sinia hili si langu. Langu lilikuwa na rangi nyekundu chini."

"Labda lilikwenda kwa Mama Salma. Naye alikuwa na khitma, akaniomba, nikampa."

Jibu hilo, lililotolewa kwa nia safi, ndilo linaloharibu kila kitu. Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika Shafi, aliyeazima hana ruhusa ya kumwazimisha mwingine bila idhini ya mwenyewe. Sinia lilipovuka kizingiti cha Mama Salma, lilitoka katika ruhusa, na sasa hata udhuru wa kuchakaa kwa matumizi haupo tena. Hanafi wangekuwa wapole zaidi kama matumizi ya Mama Salma hayatofautiani na ya huyu. Huku uani, hata hivyo, hakuna anayemuuliza Abu Hanifa. Kinachosikika ni kwamba fulani huazima vya watu akavigawa.

Watu wa Maliki walilitazama suala zima kwa jicho la mpelelezi, na pengine hao ndio waliowajua binadamu vizuri zaidi. Wao walivigawa vitu mafungu mawili. Kuna visivyofichika, kama nyumba au mnyama: ng'ombe akifa, mtaa mzima unajua. Kuna vinavyofichika, kama nguo, mapambo na vyombo: mtu anaweza kusema vimeibwa huku vimo kabatini. Katika fungu la pili aliyeazima hulipa, isipokuwa akileta ushahidi kwamba hasara haikutokana naye. Vyombo vya nyumbani, basi, ndivyo vinavyobeba shaka zaidi kuliko farasi na mashamba, ingawa thamani yake ni ndogo.

Shaka hiyo ina historia kali. Katika Sahihi Muslim kuna riwaya ya mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyekuwa akiazima vitu vya watu kisha akikana, na Mtume akaamuru akatwe mkono. Sahaba Usama alipojaribu kumwombea, akakemewa. Imamu Ahmad bin Hanbal alichukua riwaya hiyo kama ilivyo: anayekana kitu cha kuazima ana hukumu ya mwizi. Wanazuoni walio wengi walisema mwanamke huyo aliadhibiwa kwa wizi uliotajwa katika riwaya nyingine, na kwamba kule kukana kumetajwa ili ajulikane ni nani. Hoja yao inaeleweka. Mwizi huvunja kufuli. Mkanaji alifunguliwa mlango na mwenyewe. Hata hivyo waliofunguliwa mlango ndio wanaouma zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kuliona vazi lake la sherehe likivaliwa na mwingine, huku akiambiwa halikuwa lake kamwe, atamwelewa Imamu Ahmad japo kwa dakika moja.

Dola za leo nazo zina la kusema. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya 1872, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Akifanya hivyo, ikipotea hawajibiki, labda kama kulikuwa na makubaliano maalumu. Mwenye kitu naye ana wajibu wa kutaja kasoro anayoijua: ukimwazimisha jirani jiko la gesi linalovuja, ukanyamaza, madhara ni yako. Warumi walikuwa na mfano wao wa hilo, wa mtu aliyemwazimisha mwenzake vyombo vibovu huku akijua, divai ikamwagika.

Matokeo yake ni kwamba Mwislamu wa Tanga anayefuata Shafi anaweza kutoka mahakama ya mwanzo akiwa hadaiwi kitu, kwa sababu mwizi alivunja dirisha usiku na yeye alikuwa amefunga kila mlango, kisha akafika msikitini akaambiwa na shehe wake kwamba anadaiwa thamani kamili. Sheria ya nchi, iliyopitia Uingereza na India, imemweka karibu na Baghdad ya Abu Yusuf kuliko na kitabu cha babu yake. Wapo watakaoona huo ni mgongano. Si lazima uwe. Mahakama inapima kile ambacho mtu anaweza kulazimishwa kulipa, na shehe anapima kile ambacho mtu ataulizwa. Ugumu huja pale mdaiwa anapochagua mlango kwa kuangalia bei, akawa raia mwema siku ya kulipa na muumini siku ya kudai.

Kenya imefungua mlango wa karibu zaidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya kurudishiwa mali inayohamishika, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Ni nafuu kubwa kwa mwenye jenereta au cherehani iliyoazimwa ikapotea. Kwa sinia, nauli ya matatu peke yake imeshaizidi thamani yake, na kumshtaki jirani ni kumtangazia kwamba hamtapeana tena hata kiberiti.

Kesi ngumu zaidi, hata hivyo, hazihusu kuvunjika wala kupotea. Zinahusu swali la kama kitu kiliazimwa kweli. Baba anampeleka binti yake kwa mume na kitanda, kabati, seti ya vyombo. Miaka inapita, ndoa inayumba au binti anafariki, na baba anasema: vile nilimwazima tu, vyangu. Ibn Nujaym wa Misri, mwanazuoni wa Hanafi wa karne ya 16, aliiweka kesi hiyo chini ya kanuni kwamba desturi ndiyo mwamuzi. Kama desturi ya mji ni kwamba wazazi hutoa jihazi, yaani vitu vya bibi harusi, moja kwa moja, neno la baba halisikilizwi. Kama desturi ni mchanganyiko, litasikilizwa. Uamuzi huo una akili kwa sababu siku ya harusi hakuna baba anayesimama mbele ya watu akatangaza kwamba kabati hili ni la kuazima. Anayetaka kuficha masharti siku ya sherehe hapati faida yake siku ya ugomvi.

Na kuna kifo cha kweli, si cha sufuria. Kwa Shafi, kuazimana ni ruhusa tu na si mkataba wa kufunga, hivyo mwenye kitu anaweza kukidai wakati wowote. Moja ya mambo machache wanayoyatoa katika kanuni hiyo ni ardhi iliyoazimwa kwa kuzikia, ambayo haidaiwi mpaka mabaki ya maiti yaishe. Mwenye kitu au aliyekiazima akifa, ruhusa hukoma papo hapo. Warithi wa aliyeazima hawarithi sufuria ya jirani, wanarithi kazi ya kuirudisha, na gharama ya kuirudisha hutoka katika mali ya marehemu. Kwa hiyo kabla urithi haujagawanywa, lazima ijulikane kipi katika nyumba ile ni cha marehemu na kipi kiliingia kwa shughuli kikasahauliwa.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170, inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Ugomvi wa vyombo haumo. Lakini mjane anapoleta orodha ya vitu vya nyumbani, na ndugu wa marehemu wakaleta yao, na jirani akatokea nyuma ya chumba akisema sinia lile lenye rangi nyekundu chini ni lake, kadhi atalazimika kumuuliza ana shahidi gani.